Mwekaji Mkuu wa Maneno Manne

Nchi hii ipo, ila usijisumbue kuitafuta kwenye ramani. Wenye ramani waliombwa waifute kidogo kwa sababu za usalama, nao wakaitikia. Mimi sina ugomvi nayo hata chembe. Kila ninachokieleza hapa nakieleza kwa mapenzi, na atakayeona kinafanana na kwao, basi huko kwao ndiko kwenye kasoro.

Watawala wa kigeni walipofunga mizigo yao, waliacha nyuma nusu ya reli, funguo za jela, na fungu moja la maneno ambalo walikuwa wakilitumia kila walipotaka shamba la mtu. Reli ikaota majani. Funguo zikapata wenyewe siku ileile. Lile fungu la maneno nalo likatafsiriwa haraka sana, kabla hata ya wimbo wa taifa, likawa: kwa maslahi ya umma.

Tangu hapo ikawa sheria kwamba amri isiyo na Maneno Manne ni karatasi tu. Ukitaka kumhamisha mtu, kubomoa nyumba yake, au kumkataza asipige chafya karibu na jengo la serikali, lazima uyaweke. Na kwa kuwa si kila mtu anajua kuyaweka vizuri, iliundwa Idara nzima ya kazi hiyo, ghorofa tatu na wafanyakazi tisini. Wizara zote huleta barua zao pale zikiwa uchi, nazo hutoka zimevishwa.

Mwongozo wa Idara ni mfupi na unaeleweka. Yakiwekwa mwanzoni mwa barua, mwananchi haulizi. Yakiwekwa katikati, mwananchi huuliza, lakini kwa adabu. Yakiwekwa mwishoni, huuliza wakati jambo limeshapita. Kuhusu huo umma wenyewe Mwongozo hausemi kitu, kwa kuwa mwandishi wake hakupata nafasi ya kukutana nao.

Mwekaji Mkuu kwa miaka ishirini na miwili alikuwa Bwana Mwinjuma Chando, mtu mfupi, msafi, mwenye kalamu tatu mfukoni na moja sikioni. Kiti chake kilikuwa cha ngozi, karibu na dirisha, na chai ya maziwa ilimfikia yeye kwanza, wengine wakifuata kwa vyeo mpaka wa mwisho ambaye alifikiwa na birika tupu. Lakini tusimsingizie kwamba alipenda kiti kwa sababu ya chai. Alikipenda kwa sababu kila Ijumaa, katika kikao cha Idara, husomwa barua bora ya juma, na aliyeyaweka Maneno Manne husimama na kupigiwa makofi. Kwa miaka ishirini na miwili aliyesimama alikuwa yeye. Alishazoea. Siku nyingine alianza kusimama kabla hawajamtaja.

Barua zake kubwa alikwenda kuzisoma mwenyewe, kwa kipaza sauti, mbele ya hao hao zinaowahusu. Ndiye aliyewasomea wachuuzi wa Soko la Chini, siku lilipobomolewa ili Mheshimiwa Waziri apate kuuona mlima akiwa bado kitandani. Wachuuzi walilia, naye akaandika kwenye daftari lake kwamba barua ilipokelewa kwa hisia kubwa.

Ndipo akaja Hilali.

Hilali Ubwa alikuwa kijana wa miaka thelathini, mrefu, mwenye meno mazuri na salamu nyingi. Siku ya kwanza alimwinamia Mwinjuma karibu kugusa sakafu.

"Shikamoo mzee wangu. Mimi nimekulia kwenye barua zako."

"Marahaba," alisema Mwinjuma, akampenda papo hapo kama mwanawe. Mapenzi hayo yalidumu siku nne.

Siku ya tano ililetwa barua ngumu. Mheshimiwa Waziri alikuwa na bata kumi na wawili waliokuwa wakiogelea mtoni, chini ya Daraja la Kati. Bata hao waliacha kutaga. Daktari wa mifugo alisema wanasumbuliwa na vishindo vya watu wanaopita juu. Ikaamuliwa daraja lifungwe, na watu wa ng'ambo wazunguke hadi daraja la magari, mwendo wa saa nzima kwa miguu. Mwinjuma aliikodolea macho barua ile asubuhi yote. Aliyaweka Maneno Manne mwanzoni, bata wakaonekana. Aliyaweka katikati, bata wakaonekana zaidi. Alipoyaweka mwishoni, ilikuwa kana kwamba umma wenyewe ndio unaotaga.

"Niazime dakika mbili, mzee wangu," alisema Hilali.

Akaandika: *Kwa maslahi ya umma, Daraja la Kati limefungwa ili kila mwananchi apate nafasi ya kutembea saa moja zaidi kwa siku, ajenge afya, na afike aendako akiwa imara.*

Bata hawakuwamo kabisa. Wapiga chapa waliinuka kwenye viti vyao. Mama mmoja wa masjala, aliyekuwa hajacheka tangu apandishwe cheo, alifuta machozi kwa kanga. Ijumaa ile barua ilisomwa mara tatu, na Mwinjuma, kwa mazoea, akasimama. Ilibidi mtu amvute koti.

Sitaficha: roho ilimuuma. Ilimuuma kama jino, usiku na mchana, akila na akioga. Makofi aliyopigiwa Hilali aliyahesabu bila kutaka, akakuta yanazidi yake ya mwaka mzima. Chai ya maziwa bado ilimfikia kwanza, lakini aliona mhudumu anaimimina huku anamtazama Hilali. Hata jinsi kijana alivyokunja mikono ya shati ilimchoma. Na juu ya hayo yote ikatangazwa kwamba mwisho wa mwezi Mheshimiwa Waziri atachagua upya Mwekaji Mkuu, kwa kuangalia nani ameyatumia Maneno Manne kwa usahihi kuliko wote.

Nyumbani Mwinjuma alikuta chakula hakijaiva, na mkewe, Bi. Mize, ameloweka miguu kwenye beseni.

"Leo tena?" alisema Mwinjuma.

"Tena na kesho, baba Rukia. Sokoni ni ng'ambo. Zamani nilivuka daraja, nikarudi mchele ukiwa bado haujachemka. Sasa hivi natoka asubuhi narudi adhuhuri, na nyanya zimeiva kwa jua kichwani mwangu. Jirani yetu mjamzito jana kashikwa na uchungu njiani. Haya, hiyo barua yenu inasema tunajenga afya."

"Si barua yetu. Ni ya Hilali."

"Awe Hilali, awe nani, miguu ni yangu."

"Hebu niambie kweli, mke wangu. Uliisoma?"

"Niliisoma."

"Ulionaje?"

Bi. Mize alifikiri. Alikuwa mwanamke mkweli, na hapo ndipo alipokosea. "Imeandikwa vizuri, sikufichi," alisema. "Nilijikuta nimeanza kutembea kabla sijakasirika."

Mwinjuma hakula. Alikaa barazani na jua lote la mchana, akisaga meno, mpaka likamjia wazo ambalo halijawahi kumjia mtu yeyote wa Idara ile. Hilali alikuwa bingwa wa kuyaweka Maneno Manne juu ya jambo lisilo na maslahi. Je, akitokea mtu akayaweka juu ya jambo lenye maslahi? Tena ya umma? Huo hautakuwa usahihi usiopata kuonekana? Na je, ikiwa jambo lenyewe linaifuta barua ya Hilali, ikawa kama haikuandikwa?

Msije mkamdhania vibaya. Umma haukumpitikia hata kidogo. Alichokiona mbele yake ni uso wa Hilali siku ya Ijumaa, umesawijika.

Kesho yake alijifungia ofisini. Alirarua rasimu saba. Mkono haukuwa umezoea. Kila alipoandika jambo la kweli, kalamu ilitafuta pa kulifunika. Rasimu ya nane ilikuwa hivi: *Kuanzia asubuhi ya leo, Daraja la Kati li wazi kwa kila mwenye miguu, kwa maslahi ya umma.*

Aliisoma akashtuka. Hakukuwa na cha kuongeza. Aliigonga mhuri, akaichomeka katikati ya barua nyingine arobaini, akazipeleka kwa Mheshimiwa Waziri. Waziri alikuwa na desturi ya kutosoma barua iliyokwisha kuwekwa Maneno Manne, akisema kuisoma ni kuutilia shaka umma. Alizisaini zote huku akizungumza kwa simu.

Saa nne asubuhi polisi waliondoa vizuizi darajani. Watu walisimama upande wa pili wakitazama kwa woga, wakidhani ni mtego. Kisha mzee mmoja mwenye baiskeli akajitosa, akafika ng'ambo, akageuka, akapunga mkono. Wakamiminika. Wanawake walivuka na mabeseni, wanafunzi wakavuka mara mbili mbili bila sababu, na mama mmoja aliyekuwa akiuza mihogo ya kukaanga alihamishia jiko lake palepale juu ya daraja. Bata waliondoka kwa hasira.

Mwinjuma alisubiri Ijumaa kama anayesubiri ndoa. Alinyoa. Alivaa koti la kijivu ambalo hulitoa siku ya uhuru. Alikuwa ameshapanga hata namna ya kusimama: taratibu, kama mtu asiyetarajia.

Ijumaa hakikuwa kikao cha makofi. Mheshimiwa Waziri aliingia na walinzi sita na Profesa Mbaruku, mtaalamu pekee wa taifa wa Maslahi, aliyevaa joho katikati ya joto. Mlango ukafungwa.

"Ndugu zangu," alisema Waziri, "kuna barua imetoka humu. Ina mhuri wetu. Ina saini yangu. Ina Maneno Manne. Na wananchi wanafurahi." Akaiinua barua ile wote waione. "Wanafurahi, ndugu zangu, na hawakuambiwa."

Profesa Mbaruku alisimama, akavaa miwani, akavaa na nyingine juu yake.

"Katika maisha yangu ya kitaaluma nimechunguza barua elfu kumi na mbili na mia nne zenye Maneno Manne. Katika zote hizo, hakuna hata moja ambayo baada ya kutekelezwa mwananchi alipata kitu. Hata moja! Huo ndio msingi wa sayansi yetu. Sasa hii hapa, mwananchi amepata daraja. Jambo hilo halielezeki isipokuwa kwa njia moja: barua hii ni ya kughushi."

Ukumbi uliguna.

"Nani basi anaweza kughushi hivi?" aliuliza Waziri.

"Mheshimiwa, nimeikeshea. Angalia yalivyokaa. Hayajasukumwa, hayajabanwa. Maneno Manne yamepumzika mwishoni kama bibi kizee kwenye kitanda chake mwenyewe. Mkono wa namna hii, katika nchi hii, ni mmoja." Akanyoosha kidole. "Hilali Ubwa."

Kosa lilikuwa la uhaini, na adhabu yake wote waliijua. Hata hivyo watu waligeuka kumtazama Hilali kwa macho ambayo Mwinjuma aliyatambua mara moja, maana ndiyo aliyokuwa ameyangoja yeye. Yule mama wa masjala aliinua kanga kuelekea machoni. Mpiga chapa mmoja alinong'ona, "Kumbe ni yeye! Nilijua. Ile barua mke wangu ameibandika ukutani."

"Si mimi!" alilia Hilali, jasho likimtiririka. "Mheshimiwa, naapa kwa mama yangu, mimi sijawahi kuandika kitu chenye manufaa!"

"Na mnyenyekevu juu yake," alinong'ona mwingine.

Hapo Mwinjuma angeweza kunyamaza. Nataka mlielewe jambo hili vizuri. Mshindani wake alikuwa anakwenda na maji, kiti kilikuwa kinabaki chake, chai ingeendelea kumfikia kwanza mpaka azeeke. Alichotakiwa kufanya ni kukaa. Lakini wivu ulikataa. Kijana amechukua makofi yake, amechukua macho ya watu, sasa achukue na uhaini wake?

Alisimama. "Ni mimi!"

Vichwa vyote vilimgeukia.

"Barua ile niliandika mimi, Mwinjuma Chando! Kila neno!"

Waziri alimtazama kwa huruma. "Kaa chini, mzee wetu. Tunajua unampenda kijana."

"Simpendi! Simpendi hata kidogo!"

"Jamani," alisema mama wa masjala, na sasa machozi yakamtoka kweli, "mnaona huyu Hilali alivyo? Mpaka wazee wako tayari kumfia."

Kusikia hivyo Mwinjuma alipandwa na kichaa. Alikimbia ofisini mwake, akarudi na kikapu cha takataka, akakimwaga mezani mbele ya Waziri. Alizipanga rasimu saba zilizoraruliwa, kipande kwa kipande, zote kwa mkono wake. Alisoma ya kwanza, akaeleza kwa nini haikufaa. Akasoma ya pili, akaeleza. Alipofika ya nane, yaani barua yenyewe, sauti ilimtetemeka kwa mapenzi. Profesa Mbaruku alilinganisha mwandiko, akavua miwani moja, kisha ya pili.

"Ni yeye," alisema, kama mtu aliyepewa chakula asichokiagiza.

Mwinjuma aligeuka kuwatazama wafanyakazi tisini, akangoja. Hakuna aliyepiga hata kofi moja. Hilali peke yake alipiga magoti, akambusu mkono, akisema, "Umeniokoa, mzee wangu, Mungu akulipe," na watu wakasema angalieni kijana huyo alivyolelewa.

Waziri alikaa na Profesa faragha kwa saa mbili. Tatizo lilikuwa gumu. Wakilifunga daraja tena kwa maslahi ya umma, watu watataka kujua ni wakati gani hasa maslahi yao yaligeuka. Wakimshtaki Mwinjuma, itabidi wataje kosa lake mahakamani, na kosa lake ni kwamba alitumia Maneno Manne vile yanavyosema. Ikaonekana ni busara daraja libaki wazi, bata wahamishiwe kwenye bwawa la ikulu ndogo, na ifahamike kwamba Mheshimiwa mwenyewe ndiye aliyelifungua.

Jumatatu gazeti la serikali lilitoka na picha ya Waziri akiwa amesimama darajani, na pembeni yake, akitabasamu kwa meno yake yote, Mwekaji Mkuu mpya, Bwana Hilali Ubwa. Chini ya picha iliandikwa barua nzima, na chini ya barua: *kazi ya mikono yake*.

Siku hiyohiyo Mwinjuma alipewa bahasha. Ilisema: *Kwa maslahi ya umma, Bwana Mwinjuma Chando anapumzishwa kazi, ili busara yake ndefu isiendelee kufungiwa ndani ya ofisi moja.* Aliisoma mara mbili. Kabla hajakumbuka kwamba ni yeye anayefukuzwa, alijikuta amekubali kwamba imewekwa vizuri, na hilo lilimuuma kuliko kufukuzwa.

Alitia kalamu zake nne kwenye boksi, akatoka na jua la saa sita. Njia fupi ya kwenda kwake ilipita darajani. Tangu lifunguliwe alikuwa hajalikanyaga, maana gari la Idara lilimpitisha daraja la magari.

Palijaa watu. Mama wa mihogo alikuwa ameshaongeza jiko la pili, na mbele yake ulikuwapo mstari. Kwenye nguzo, mtu alikuwa amebandika kile kipande cha gazeti, akaifanyia picha ya Hilali fremu ya maua ya karatasi.

"Toa hiyo," Mwinjuma alimwambia mama wa mihogo.

"Nitoe nini, mzee?"

"Hiyo picha. Siye huyo. Barua ya kufungua daraja hili niliandika mimi."

Mama wa mihogo alimwangalia usoni, akakunja uso, kisha akaweka mwiko chini.

"Wewe si yule wa kipaza sauti? Uliyetusomea Soko la Chini siku wanatubomolea?"

"Ndimi."

"Jamani njooni!" aliita. "Njooni mumwone! Aliyetubomolea soko anasema ndiye aliyetufungulia daraja!"

Watu walikuja. Walicheka, lakini si kwa ubaya. Walicheka kama wanavyomcheka mtu aliyevaa viatu vya mwenzake. Yule mzee mwenye baiskeli alimshauri aende kulala kidogo. Mwinjuma aliapa. Alitaja rasimu saba. Alitaja kikapu. Walipozidi kucheka aliweka boksi chini, akasimama wima katikati ya daraja na kuisoma barua yote kwa moyo, bila kuangalia popote, kwa sauti ile iliyokuwa ikisoma mbele ya maelfu: kuanzia asubuhi ya leo, Daraja la Kati li wazi kwa kila mwenye miguu, kwa maslahi ya umma.

Kicheko kilikoma. Mwanamke mmoja alishusha beseni lake. Wanafunzi walisimama. Alipomaliza, pakawa na utulivu ambao hakuwahi kuupata hata Ijumaa moja, halafu makofi yakaanza, machache kwanza, kisha daraja zima.

"Umeikariri vizuri, baba," alisema mama wa mihogo, akimfungia vipande viwili kwenye gazeti na kukataa malipo. "Sisi wote tumeikariri. Lakini tuseme kweli, yule kijana ana mkono."

Mwinjuma Chando alivuka daraja lake akilia kwa wivu, mihogo mkononi, na watu aliopishana nao wakadhani analia kwa furaha ya njia kufunguliwa, wakamwombea Hilali maisha marefu.